Chumba cha Viatu

Ninyi vijana mnaosomea kazi ya hoteli hapa Nakuru, na hasa wewe jirani yangu wa hapa mtaa wa Rhonda unayenisalimia "niaje mzee" ukipita mbio na shati lako jeupe la mazoezi, leo punguzeni mwendo. Nimewasikia mkikariri: uma kushoto, kisu kulia, tabasamu katikati. Ni sawa, na mwalimu akiuliza mjibu hivyo hivyo. Lakini mimi niliingia hotelini kabla sijajua uma unashikwa vipi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwapasha watu joto, na sijui kama kazi hiyo bado inafundishwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kule juu Molo. Anayeijua Molo anaijua baridi yake. Asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe na maji ya ndoo yameweka ngozi juu, unaivunja kwa kidole. Hoteli yetu ilikuwa ya mawe na mbao, imezungukwa na miti ya mitarakwa, na wageni walikuwa wazungu watupu: wenye mashamba, maofisa wa Nairobi, wengine kutoka ng'ambo. Walikuja kuvua samaki mtoni, kupanda farasi na kupiga gofu, na jioni walikaa mbele ya moto wakiilalamikia baridi ile ile waliyoifuata.

Mwenye hoteli tulimwita Memsabu. Kila mama mzungu aliitwa hivyo, lakini ukisema Memsabu bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni huyo. Kabla ya kuja Kenya alikuwa amefanya kazi katika hoteli za milimani huko Ulaya, kule ambako theluji inaanguka na matajiri wanaenda kuteleza wakiwa wamejifunga mbao miguuni. Picha yao ilining'inia ukutani kwenye korido: watu wanne wenye miwani mieusi, wamesimama juu ya mlima mweupe, wanacheka. Mzee Kisia, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, aliitazama picha hiyo kila akipita na kuniuliza, "Sasa hawa wamepoteza ng'ombe gani huko juu?"

Memsabu alitaka hoteli yake iwe kama zile, na theluji tu ndiyo aliyoikosa. Mgeni akirudi kutoka mtoni, anapokelewa mlangoni na kikombe cha supu hata kabla hajasema habari. Viatu vinavuliwa pale pale na kupelekwa kukaushwa. Maji ya bafu yako tayari. Akikaa verandani, blanketi la magoti linamfuata. Kitanda kinawekewa chupa ya mpira yenye maji ya moto, na alfajiri anaamshwa kwa chai, viatu vyake vikiwa vikavu na vuguvugu miguuni pa kitanda. Memsabu alikuwa na sheria moja, na aliisema kwa Kiswahili chake cha shambani: "Baridi ya nje ni ya mgeni. Baridi ya ndani ni makosa yako."

Mzee Kisia ndiye aliyekuwa bwana wa moto wote. Alikuwa Mmaragoli, mfupi, nyusi zake zimeungua na kuota mara nyingi mpaka zikachoka. Alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli. Pombe hanywi, matusi hatoi, na uongo hajui hata wa mzaha. Ukimuuliza "umelala vipi, Mzee" na kama amelala vibaya, utaelezwa ubavu gani uliuma na kwa nini, mpaka ujute kuuliza. Watu wa jikoni walimtania sana kwa jambo hilo. Mimi nilimpenda kuliko mtu yeyote pale, baada ya mke wangu.

Niwaambie nilivyoanza, mcheke. Mimi natoka upande wa Bungoma. Kwetu mtu anakandwa kwa maji ya moto akiwa mgonjwa, au mama akitoka kujifungua. Sasa naletwa hotelini, naona kila jioni kila mzungu anawekewa maji ya moto kitandani, wazima wazima, wanaume wenye vifua. Nikaamua moyoni kwamba hii ni hospitali, na kwamba ugonjwa wenyewe ni wa aibu, ndiyo maana hautajwi. Basi nikawa naingia vyumbani kwa kunyata, nashusha sauti, naweka chupa na kusema, "Pole sana, bwana. Pole sana, memsabu."

Kulikuwa na mgeni mmoja mnene, uso mwekundu, aliyewahi kuwa mwanajeshi. Alipokea pole zangu kwa siku kadhaa, kisha akaanza kujitazama kwenye kioo. Mwishowe alipanda gari akashuka Nakuru kupimwa na daktari. Alirudi mzima na mwenye hasira, akamuuliza Memsabu, "Huyu boi amesikia nini juu yangu?"

Mzee Kisia alipoambiwa habari hiyo alicheka mpaka akakaa juu ya kuni. Halafu akapangusa macho akaniambia, "Hawa si wagonjwa, Wekesa. Wanapenda tu."

"Wanapenda nini?"

"Kuwekewa kitanda joto. Mtu mzima akipanda kitanda akute mtu amekipasha, anakumbuka mamake. Hata hawa wako na mama." Akafikiri kidogo. "Lakini hiyo pole usiache. Sema tu kwa roho, usitoe sauti."

Miaka yote niliyofanya kazi hii nimesema pole kwa roho. Mgeni anayekupigia kelele kwa sababu ya sabuni, mwambie pole kwa roho. Utaona mkono wako unavyoweka ile sabuni.

Chupa yenyewe ina adabu zake. Maji yakichemka usimimine. Yaache yatulie mpaka kelele ya birika iishe. Jaza nusu. Ilaze ubavu, ikamue pumzi polepole mpaka maji yafike shingoni, ndipo ufunge. Ivishe flana. Iweke mapema, mgeni akiwa bado anakula, na akikaribia kulala isogeze mbali kule chini. Mzee Kisia alinirudishia maneno haya mpaka nikayaota: "Chupa haigusi mtu. Chupa inapasha kitanda, na kitanda ndio inapasha mtu."

Na viatu je? Nyuma ya boila, lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji ya hoteli kwa kuni, kulikuwa na chumba chembamba, hakina dirisha. Mabomba ya maji ya moto yalizunguka ukuta wake, na juu ya mabomba kulikuwa na fito za kupangia viatu na kutundikia makoti. Hewa iliingia kwenye tundu la chini na kutokea tundu la juu. Memsabu alikiita kwa Kiingereza jina refu. Sisi tulikiita chumba cha viatu. Kilinuka ngozi, mafuta ya kondoo na miguu ya matajiri, ambayo haina tofauti na miguu yetu. Lakini joto lake lilikuwa zuri ajabu. Halikuwa na moshi wala halikuchoma, na lilikuwa lile lile asubuhi na jioni. Siku moja niliona uvivu wa kungoja, nikaweka buti za mgeni juu ya boila lenyewe. Zilijikunja pua kama kwato za mbuzi mzee. Mzee Kisia alikaa nazo mchana kutwa, anazipaka mafuta na kuzinyoosha kwa vidole, na hakunigombeza. Alisema tu kwamba joto na haraka hazikai nyumba moja.

Siku hizi mnabonyeza swichi. Mimi mwenyewe baadaye, hapa Nakuru mjini, nilifanya kazi na hita za umeme, na nilifurahi, maana kuni za miwati zimeniachia mgongo huu mnaouona. Lakini swichi haijui nani yuko chumbani. Mtu anayepasha lazima ajue.

Sasa niwaambie siku ya mvua ya mawe.

Mke wangu, Rispa, nilikuwa nikiishi naye kule laini, nyumba za wafanyakazi nyuma ya mazizi ya farasi. Chumba chetu kilikuwa cha mabanzi ya mbao, na upepo uliingia bila kubisha hodi. Rispa alikuwa mjamzito, miezi yake bado. Kabla ya hapo tulikuwa tumezika mtoto mmoja kule nyumbani, mvulana, hakufikisha hata mwezi. Kwa hiyo mimba hii hatukuizungumzia sana. Mchana alikwenda na wanawake wenzake kuchuma maua ya pareto kwenye shamba la jirani, na jioni nilimuuliza tu kama miguu imevimba.

Mchana huo mbingu iligeuka rangi, kisha mawe yakaanguka, makubwa, mengi, mpaka uwanja wa gofu ukawa mweupe wote. Pareto ya watu ililala chini. Lakini wageni walitoka nje wakipiga makofi. Kijana mmoja alinipokonya sinia la chai, akaniachia vikombe mikononi, akakalia sinia na kuteremka nalo mteremko wa gofu mpaka chini. Memsabu, ambaye sikuwahi kumwona akionyesha meno, alicheka mpaka akashika nguzo. Akaagiza masinia yote yatoke jikoni. Mpishi alilia kwamba yale ya mkate hayatarudi yakiwa yamenyooka, na hayakurudi. Bibi mmoja mzee aliteremka akiwa amekaa juu ya blanketi lake la magoti, kofia ikiwa kichwani. Nilicheka sana siku hiyo. Nilikuwa napanda na kushuka na masinia, mikono imekufa ganzi, nacheka.

Kisha nikamwona Mama Agneta, mke wa Mzee Kisia, amesimama kwenye kona ya zizi, nguo zimemgandama kwa maji. Hakuita. Aliniashiria kwa mkono tu, na kwa jinsi alivyoashiria nikaacha sinia pale pale.

Rispa alikuwa ameteleza kwenye njia ya kutoka shambani, juu ya mawe yale yale. Wanawake walimbeba. Kabla jua halijazama mtoto wetu alikuwa amezaliwa, msichana, Mama Agneta ndiye mkunga. Mtoto alikaa kwenye viganja vyake viwili na nafasi ikabaki. Hakulia. Alitoa kijisauti tu, kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

"Hajafika miezi yake," Mama Agneta aliniambia mlangoni, kwa sauti ya chini ili Rispa asisikie, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa ya kusikia kila kitu. "Joto ya tumbo imemwacha mapema. Tumpatie joto ingine, na isikatike. Siku atalia kwa nguvu na ashike titi, basi ameamua kukaa na sisi. Mpaka hapo, Wekesa, mimi sikuambii kitu."

Moto wa makaa ndani ya chumba kile ungemziba kwa moshi. Bila moto, upepo ungemmaliza. Hospitali ilikuwa Nakuru, barabara imekuwa matope na barafu, na miaka hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari. Giza likianza kuingia, kwa amri ya serikali ya wakoloni mtu mweusi hakanyagi barabara. Nilisimama hapo nje nikiwa na mikono mitupu. Kila jioni niliwapasha joto wageni wote wa hoteli ile, na sasa sikuwa na joto la kumpa mwanangu. Sijui kama nimewahi kuwa na uchungu kama huo tena.

Mzee Kisia alifika akasimama mbali na mlango, kama ilivyo desturi ya mwanamume kwenye nyumba ya mzazi. Akasikiliza mke wake akimweleza. Kisha akaniambia, "Wekesa, twende tutoe viatu."

Chumba kilikuwa kimejaa. Kila mgeni aliyeteleza alikuwa ameleta buti zilizoloa, makoti, soksi, glavu, vyote vikitoa mvuke. Tulivihamishia vyote kwenye banda la boila. Tukapangusa fito, tukaacha unyevu utoke kwa tundu la juu, na Mzee akaongeza kuni huku akipima hewa kwa mgongo wa mkono. Alitoka, akaingia, akapima tena. Aliporidhika, tulimwingiza Rispa kwa mlango wa nyuma, mtoto akiwa kifuani pake, ngozi kwa ngozi, amefunikwa flana za hoteli. Mama Agneta alimkalisha akiwa ameegemea ukuta wenye mabomba. Rispa alifumba macho, na nikaona mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Kwa wakati ambao Rispa alihitaji kujinyoosha, tulitengeneza sanduku la matufaha, tukaweka chupa mbili kando na flana nene katikati, mtoto alazwe humo. Mzee aliniacha nizijaze mimi. Alisimama akitazama tu, nami nikamwaga maji, nikaanza upya.

Siku zilizofuata tuliishi hivyo. Mama Agneta alikamua maziwa ya Rispa na kuyadondosha mdomoni mwa mtoto kwa kijiko cha chai. Mimi niliingia na kuni, nikatoka na supu ya wageni, nikarudi na chupa. Kila nikiingia niliuliza, "Amelia?"

"Usiniulize tena," Rispa aliniambia mwishowe, hakukasirika, alichoka tu. "Akilia utasikia. Hata wewe uko na masikio."

Jina hatukumpa. Yule wa kwanza tulimpa haraka, tukalizika pamoja naye.

Na hapa ndipo penye ugumu, vijana wangu. Memsabu hakuwa na mazoea ya kuja nyuma ya boila, kwa sababu ya ile harufu. Lakini ukuta wa upande wa korido ulikuwa wa mbao tupu. Mtoto akilia kwa nguvu, angesikika mpaka sebuleni, na tulijua kinachompata mfanyakazi anayeingiza familia yake ndani ya nyumba ya wageni. Kwa hiyo tulikuwa tunaomba sauti ile ije, na tukipita kwenye korido tunaomba isije. Nilikuwa nikiomba yote mawili kwa pumzi moja, sijui Mungu alinielewaje.

Viatu navyo vilitaka kukauka. Mzee Kisia alichukua pumba za farasi kutoka zizini, akazikaanga kwenye karai mpaka zikawa za moto, akazijaza kwenye soksi kuukuu na kuzisukuma ndani ya buti. Pumba hunywa maji yote. Mkipatwa na viatu vilivyoloa, fanyeni hivyo, hata gazeti halifikii. Asubuhi wageni walivaa buti kavu na hakuna aliyelalamika, isipokuwa wachache waliokuta chembechembe vidoleni.

Lakini soksi moja ilikuwa na tundu, na kiatu chenyewe kilikuwa cha yule mgeni mnene wa pole zangu, aliyekuwa amerudi hotelini. Asubuhi hiyo alitaka kupanda farasi. Farasi akapiga hatua moja, akasimama, akageuza shingo akaanza kumlamba mguu. Akachapwa, akaenda hatua nyingine, akageuka tena kulamba. Yule bwana alizunguka uani mara kadhaa kwa mtindo huo huku wenzake wakimtazama kutoka verandani na vikombe vyao. Aliposhuka, alivua buti, akaichungulia ndani, akampelekea Memsabu.

Nilikuwa natoka kujaza chupa nilipomwona Memsabu akija kwenye korido, buti mkononi. Mzee Kisia alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha viatu.

"Kisia. Kwa nini kiatu ya bwana iko na chakula ya farasi? Hii chumba haifanyi kazi?"

"Inafanya, Memsabu. Lakini sasa inasafishwa," akajibu Mzee Kisia. Akachukua ufagio uliokuwa ukutani, akaanza kufagia kizingiti, ili maneno yake yawe ya kweli.

"Fungua."

"Nimalize kufagia, Memsabu."

Hapo ndipo mtoto alipolia.

Sauti ilianza nyembamba, ikakatika, nikadhani imeisha. Kisha ikarudi nene, ya hasira, ya mtu aliyeamshwa na kuudhiwa, ikajaza korido yote.

"Nini hiyo?" Memsabu akauliza.

Mzee Kisia aliacha kufagia. Mtu yule ambaye hakudanganya hata juu ya usingizi wake alitazama sakafu akasema, "Paka, Memsabu."

Na ingetosha. Paka walikuwepo, wengi, wakifuata panya wa zizini, na Memsabu alikuwa hawapendi. Alikunja uso, akarudi nyuma hatua moja. Ningenyamaza tu, angeondoka, na mimi ningebaki na kazi yangu.

Lakini nilikuwa nimeingoja sauti ile kwa kila pumzi. Nilikuwa nimeingoja tangu kwa yule tuliyemzika, ambaye hakuwahi kulia hivyo hata siku moja. Sasa mwanangu ameamua kuishi, ametangaza mwenyewe, na neno la kwanza kusemwa juu yake duniani liwe kwamba ni paka. Sikuweza. Mdomo wangu ulifunguka kabla sijauruhusu.

"Si paka, Memsabu," nikasema. "Ni binti yangu. Analia."

Memsabu alinitazama, akazitazama chupa mikononi mwangu, kisha akampita Mzee Kisia na kufungua mlango mwenyewe. Rispa alikuwa amekaa pale pale, mtoto ameshika titi. Hakusimama. Mahali pale kila mtu alisimama Memsabu akiingia, lakini Rispa alimtazama tu akaendelea kunyonyesha, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Memsabu aligusa mabomba kwa kiganja. Akainamia sanduku, akafunua flana, akaangalia jinsi chupa zilivyolala, kama alivyofanya akikagua vitanda vya wageni.

"Nani ameweka hizi?"

"Mimi, Memsabu."

"Umeweka vizuri." Akarudisha flana taratibu. Akamwangalia mtoto. "Mwisho wa wiki wageni wengine wanakuja. Nataka chumba yangu. Na wewe Wekesa utaenda, pamoja na bibi yako na mtoto."

Ndivyo nilivyoiacha kazi ya Molo. Mzee Kisia hakuguswa, maana hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza lile boila, na nadhani hilo Memsabu alilipima pia. Sikumchukia. Alikuwa ametupa joto mpaka mwisho wa wiki, na mtoto alilihitaji kila siku kati ya hizo. Lakini pia sikumshukuru.

Siku ya kuondoka Mzee Kisia alitusindikiza mpaka stesheni, amebeba sanduku la matufaha kichwani. Tulipofika aliliweka chini akaniambia, "Wewe kijana. Nimeongopa mara moja tu tangu mama anizae, na ni kwa sababu yako, na hiyo uongo hukuiacha ikae hata dakika."

"Nisamehe, Mzee."

"Nisamehe nini." Aliinama akachungulia ndani ya blanketi. "Kama ni wangu, mimi pia ningesema vile umesema." Kisha akatoa leso akapenga kamasi kwa muda mrefu kuliko kamasi zilivyohitaji.

Kwenye treni, daraja la tatu, tulikuwa tumebanana na magunia ya viazi na kuku wa watu. Tulimpa jina lake pale, kati ya Molo na Elburgon: Nafula, jina tunalowapa wasichana wanaozaliwa wakati wa mvua. Sikumwuliza Rispa, naye hakuniuliza. Alilisema tu, nikaitika. Na Nafula, kana kwamba amesikia kuwa sasa ana jina, akaanza kulia. Alilia Elburgon. Alilia Njoro. Bwana mmoja mwenye kofia, aliyekuwa akijaribu kusinzia juu ya gunia, alimgeukia Rispa akasema, "Mama, si unyamazishe mtoto."

Rispa alimweka mtoto begani, sikio kwa sikio, ili amsikie vizuri.

"Hapana, baba," akamjibu. "Huyu mwache alie."